Kadi ambayo U-Boot inaiona na kerneli haiioni: kisa cha RK808 kwenye bodi ya RK3399

Bodi ni ya RK3399, ile prosesa ya Rockchip yenye viini sita, na umeme wake husimamiwa na chipu ya RK808. Butiloda (hapa ni U-Boot, programu inayoipakia kerneli), kerneli ya Linux na mafaili yote ya mfumo yamekaa kwenye kadi moja ya microSD. Hakuna eMMC (hifadhi iliyo kwenye bodi yenyewe), na hakuna initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye kumbukumbu pamoja na kerneli). Kwa kerneli 6.1 mashine ilikuwa inawaka vizuri. Ikapandishwa hadi 6.12 kwa `.config` ileile, yaani faili la usanidi wa kerneli, iliyopitishwa kwenye `make olddefconfig`, amri inayojaza chaguo mpya kwa thamani za msingi. Ujenzi ukaisha bila onyo hata moja. Bodi ilipowashwa, U-Boot ikaandika `Starting kernel ...`, kisha kimya.

Kimya hicho kinatisha kuliko inavyostahili. Mstari wa amri za kerneli ulikuwa na neno `quiet`, ambalo huzuia kila kitu kilicho chini ya kosa kamili kisifike kwenye skrini. Neno hilo likiondolewa, kerneli inaonekana iko hai na inaongea, ila imesimama hapa:

    Waiting for root device PARTUUID=...

Yaani inasubiri kizigeu chenye mfumo wa faili kionekane. Kwa kuwa kuna `rootwait`, itasubiri hadi umeme ukatike. Bila `rootwait` ingekufa mara moja na ule ujumbe maarufu wa `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Ugonjwa ni mmoja.

Kuna jambo la kushika mapema. U-Boot imetoka kusoma kerneli na mti wa vifaa (device tree, faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi) kutoka kwenye kadi hiyohiyo sekunde chache tu zilizopita. Kwa hiyo kadi ni nzima, soketi ni nzima, na umeme unafika. Kilichopotea kimepotea baada ya kerneli kushika usukani. Wengi wakifika hapa husema "draiva ya MMC (yaani ya kadi) inaanza mapema mno" na kwenda kupangua mpangilio wa kuanzia. Wamekaribia, lakini dawa wanayoifuata si ya ugonjwa huu.

Zamu zinavyopangwa

Kerneli ya Linux haina orodha ya vifaa iliyoandikwa kwa mkono. Kila draiva iliyojengwa ndani huacha rejea ya kazi yake ya kuanzia (initcall) kwenye sehemu maalumu za faili la kerneli, kwa ngazi: core ni 1, postcore 2, arch 3, subsys 4, fs 5, device 6, late 7. `do_initcalls()` iliyomo kwenye `init/main.c` huzipitia ngazi moja baada ya nyingine. `module_init` ikijengwa ndani ya kerneli huwa ngazi ya 6. Draiva mbili zikiwa ngazi moja, inayotangulia ni ile iliyotangulia kuunganishwa, yaani mpangilio wa mistari ya Makefile.

Hapo ndipo wengi huishia, wakaamini kwamba ngazi ndiyo zamu. Sivyo. Initcall ya draiva ya kawaida haigusi chuma kabisa. Inajiandikisha tu: "mimi ni draiva ya kifaa cha aina hii." Kazi yenyewe huanza pale `probe` yake inapoitwa, na hiyo huitwa pale tu draiva na kifaa vinapokutana. Chipu iliyo kwenye I2C (nyaya za mawasiliano kati ya chipu) haijulikani kwa kerneli mpaka kidhibiti cha I2C kimeshaanza, hata draiva yake iwe imejiandikisha tangu alfajiri.

Tangu kerneli 3.4 ya mwaka 2012, draiva inayokosa kitu inachokihitaji hurudisha `-EPROBE_DEFER`, ambayo kwa namba ni 517. Maana yake: sijashindwa, nirudie baadaye. Kifaa huingia kwenye foleni, na kila mara draiva nyingine inapofanikiwa kushika kifaa chake, foleni yote huamshwa ijaribu tena. Foleni hiyo haianzi kuamshwa mpaka initcall zifike ngazi ya late. Kabla ya hapo waliokataliwa wamekaa tu, na kuona 517 kwenye sekunde ya kwanza si dalili ya chochote.

Juu yake kuna `fw_devlink`, inayofanya kazi kwa chaguo-msingi tangu 5.13. Hii husoma mti wa vifaa, inaona nani kamtaja nani kwenye `clocks`, `*-supply`, `*-gpios` na mengineyo, na inamzuia mhitaji asiitwe kabisa mpaka mtoaji awe tayari. Ni nzuri, lakini inabadilisha sura ya kosa: zamani draiva ya MMC ingeitwa na kulalamika yenyewe, siku hizi haiitwi, na hivyo haina hata nafasi ya kulalamika.

Nani anamsubiri nani

Kwenye bodi hii, sehemu ya mti inayohusika ni fupi:

    &sdmmc {
        vmmc-supply = <&vcc3v0_sd>;
        vqmmc-supply = <&vcc_sdio>;
    };

`vcc_sdio` ni umeme wa nyaya za data za kadi. Hutoka LDO_REG4, mojawapo ya regyuleta (virekebisha volteji) za RK808, chipu ya kusimamia umeme iliyo kwenye anwani 0x1b ya I2C namba 0. Umeme huo lazima uweze kushushwa kutoka volti 3.0 hadi 1.8 kadi inapohamia kasi za UHS-I, ndiyo maana haukuwekwa regyuleta ya kudumu. Sasa fuata mnyororo kurudi nyuma: kadi inahitaji LDO_REG4, LDO_REG4 ni sehemu ya RK808, RK808 inahitaji I2C namba 0 na pini ya katizo kutoka GPIO (pini za matumizi ya jumla), I2C inahitaji mapigo ya saa na pini zilizopangwa. Kila pete ni draiva yake. Pete moja ikikosekana, yote yaliyo chini yake yanakaa foleni.

Kwa nini basi U-Boot haikukwama? Kwa sababu ina draiva zake yenyewe, au imetumia tu volteji ambayo chipu hutoa inapowaka. Haina habari na foleni ya kerneli.

Kupata macho

Bila siriali (nyaya za kusomea ujumbe wa kerneli kwenye kompyuta nyingine) kazi hii ni kupapasa gizani. Siriali ya RK3399 ni UART2, kwa kasi ya 1500000, siyo 115200 iliyozoeleka. Adapta ya CP2102 ya zamani haifiki kasi hiyo, ikakupa takataka tupu. CH340 na FT232R zinafika. Mstari wa amri uwe hivi:

    console=ttyS2,1500000n8 earlycon=uart8250,mmio32,0xff1a0000
    ignore_loglevel initcall_debug log_buf_len=4M

`initcall_debug` huandika kila initcall ilipoitwa na ilichukua muda gani, na pia kila `probe` ilirudisha nini. Mistari ya `probe` iko kwenye daraja la chini kabisa la logi, hivyo bila `ignore_loglevel` haionekani kwenye siriali. `log_buf_len` ni muhimu kwa sababu logi hufurika, na za mwanzo, ndizo unazozitaka, hufutwa kwanza.

Kwenye kisa hiki hata hayo yote hayakuhitajika. Ilitosha kuondoa `quiet` na kungoja kama sekunde kumi. Kerneli yenye uwezo wa moduli (draiva zilizo kwenye mafaili ya pembeni) husubiri muda huo baada ya initcall kuisha, kisha inawataja waliobaki foleni:

    platform fe320000.mmc: deferred probe pending: platform: wait for supplier /i2c@ff3c0000/pmic@1b/regulators/LDO_REG4

Huo ndio mstari mmoja wenye thamani katika mamia. Unamtaja anayesubiri, fe320000.mmc, yaani kidhibiti cha kadi, na unamtaja anayesubiriwa kwa njia yake kamili. Ni onyo, si kosa, ndiyo maana `quiet` iliumeza. Wanaochomoa umeme baada ya sekunde tano wakidhani mashine imeganda hawauoni kamwe.

Mstari huo unakuambia LDO_REG4 haipo. Haukuambii kwa nini. Kujua hilo unahitaji kuingia ndani ya kerneli hiyohiyo iliyokwama, na mfumo wa faili wa kuingilia ndio huo usiopatikana. Suluhisho ni initramfs ndogo yenye busybox (programu moja yenye amri nyingi za msingi) peke yake, iliyojengwa bila maktaba za nje. Iandikie orodha na uielekeze kwenye `CONFIG_INITRAMFS_SOURCE`:

    dir /dev 0755 0 0
    nod /dev/console 0600 0 0 c 5 1
    dir /proc 0755 0 0
    dir /sys 0755 0 0
    dir /bin 0755 0 0
    file /bin/busybox /njia/ya/busybox 0755 0 0
    slink /bin/sh busybox 0777 0 0

Mstari wa `nod` ndio unaosahaulika. Bila `/dev/console` ganda la amri linaanza bila mdomo wala masikio, na utadhani kerneli imekwama mahali papya. Washa kwa `rdinit=/bin/sh`, kisha:

    busybox mount -t proc proc /proc
    busybox mount -t sysfs sysfs /sys
    busybox mount -t debugfs debugfs /sys/kernel/debug
    busybox cat /sys/kernel/debug/devices_deferred

Faili la `devices_deferred` ni foleni yenyewe: jina la kifaa, na sababu ikiwa ipo. Humo utakuta zaidi ya fe320000.mmc. Kutakuwa na HDMI, Wi-Fi na vingine vinavyokula umeme wa RK808. Usianze kuvishughulikia kimoja kimoja. Vyote vikimtaja mtoaji mmoja, ugonjwa ni mmoja.

Sasa panda mnyororo:

    busybox ls -l /sys/bus/i2c/devices/0-001b

Saraka ya 0-001b ipo. Hilo peke yake ni ushahidi mkubwa: kidhibiti cha I2C kimeanza na kimeiorodhesha chipu, kwa hiyo saa na pini ziko sawa, na nusu ya mnyororo imeondolewa kwenye lawama. Ila ndani ya saraka hakuna kiungo kinachoitwa `driver`. Tazama pia faili la `waiting_for_supplier`: kwenye fe320000.mmc linasema 1, kwenye 0-001b linasema 0. Tofauti hii ndiyo inayotenga makosa mawili yanayofanana kwa sura. Kifaa chenye 1 kiko foleni, kinamngoja mtu. Kifaa chenye 0, ambacho viungo vyake vya `supplier:` vyote vina draiva na bado chenyewe hakina, hakimngoji mtu yeyote. Hakuna aliyekuja kukichukua.

Kwa maneno mengine, hapa hakuna zamu iliyopangwa vibaya. Kuna mtu ambaye hakufika kazini.

    busybox zcat /proc/config.gz | busybox grep RK8XX_I2C
    # CONFIG_MFD_RK8XX_I2C is not set

Jina lililobadilika

Kwenye 6.1 draiva hii iliwashwa kwa `CONFIG_MFD_RK808`. Kwenye 6.5 iligawanywa ili ihudumie pia chipu za familia hiyo zinazotumia SPI, na majina yakawa `MFD_RK8XX`, `MFD_RK8XX_I2C` na `MFD_RK8XX_SPI`. `make olddefconfig` ikikutana na jina isilolijua hulitupa kimyakimya. `REGULATOR_RK808` inategemea `MFD_RK8XX`, nayo ikaanguka pamoja nayo bila kuagwa.

Amri hii ingelionyesha kosa kabla hata ya kujenga:

    scripts/diffconfig .config.old .config

Mistari inayoanza na alama ya kutoa ndiyo ya kusoma, na `-MFD_RK808 y` ingekuwa mojawapo. Tangu 6.7 unaweza pia kuitanguliza amri ya usanidi na `KCONFIG_WARN_UNKNOWN_SYMBOLS=1`, nayo italitaja kila jina lisilotambulika. Kwa maoni yetu hili lingepaswa kuwa chaguo-msingi.

Awamu ya pili: ufunguo ndani ya sanduku

Draiva ikarudishwa kwa `menuconfig`, ila kwa M (moduli) badala ya nyota (ndani ya kerneli). Moduli zikanakiliwa kwenye `/lib/modules` ya kadi. Bodi ikawashwa, na mstari uleule wa LDO_REG4 ukatokea tena, neno kwa neno.

Safari hii ni kweli suala la mpangilio, tena la aina isiyo na tiba ndani ya kerneli. Moduli ya RK808 iko kwenye kadi. Kadi haisomeki bila umeme unaosimamiwa na moduli ya RK808. Ni ufunguo uliofungiwa ndani ya sanduku unalotaka kulifungua. Foleni ya 517 itaamshwa mara elfu na kila mara jibu litakuwa lilelile.

Hapo ndipo dawa za kubahatisha zinapoanza kumiminwa, na inafaa kueleza kwa nini kila moja haifanyi kazi.

`rootdelay=10`, au hata 60, huongeza tu muda wa kusubiri mtu asiyekuja.

Kuipandisha draiva ya RK808 hadi `subsys_initcall` hakusaidii ikiwa ni moduli, kwani moduli haina ngazi. Inaanza pale inapopakiwa. Hata ikijengwa ndani, itajiandikisha mapema, kisha itakaa kuisubiri I2C iliyo ngazi ya 6. Draiva kadhaa za chipu za umeme bado zina `subsys_initcall`, lakini hayo ni masalia ya enzi kabla ya foleni kuwepo, na si mfano wa kuiga.

`fw_devlink=off` au `permissive` ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu inabadilisha ujumbe. Draiva ya MMC sasa inaitwa, inaomba `vqmmc`, na mfumo wa regyuleta unaona kwamba mti umeitaja regyuleta ambayo haijasajiliwa. Unarudisha 517 ileile. Foleni ni ileile, ila sasa umepoteza ule mstari uliokuwa unamtaja mtoaji kwa jina.

Kufuta `vqmmc-supply` kwenye mti kweli kutaiwasha bodi. Kadi itabaki kwenye volteji iliyoachwa na U-Boot, kasi za volti 1.8 zitapotea, na kuna deni litakalodaiwa baada ya nusu dakika. Tutalifikia.

Tiba yenyewe ni mstari mmoja:

    scripts/config -e MFD_RK8XX_I2C -e REGULATOR_RK808

Halafu hakikisha mnyororo mzima ni `y` na si `m`: `I2C_RK3X`, `PINCTRL_ROCKCHIP`, `GPIO_ROCKCHIP`, `REGULATOR_FIXED_VOLTAGE`, `MMC_DW_ROCKCHIP`, `MMC_BLOCK`, na mfumo wa faili wenyewe, kwa mfano `EXT4_FS`. `GPIO_ROCKCHIP` ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa kuwa zamani ilikuwa ndani ya draiva ya pini na haikuhitaji kutajwa. Ikiwa `m`, RK808 itakosa katizo lake na utarudi mwanzo, ila safari hii 0-001b yenyewe ndiyo itakayokuwa foleni.

Wanaotaka kubaki na moduli wapitie initramfs. Lazima iwe na `rk8xx-core`, `rk8xx-i2c` na `rk808-regulator`. Usitegemee zana ya kutengeneza initramfs ijigundulie peke yake. Fungua faili lililotoka uangalie kama zimo.

Baada ya kuwaka

Kwa `initcall_debug`, chuja logi kwa majina mawili tu:

    dmesg | grep -E 'fe320000.mmc|0-001b'

Utaona `probe of fe320000.mmc returned -517`, pengine zaidi ya mara moja, kisha `probe of 0-001b returned 0`, halafu fe320000.mmc ikirudisha 0. Hizo 517 za mwanzo ziache. Ndivyo foleni inavyofanya kazi, na kuzifukuza kwa kupanga upya Makefile ni kujitafutia kazi.

Logi ileile itakuwa na mistari ya `Fixed dependency cycle(s) with ...`, hasa upande wa HDMI na kidhibiti cha picha, ambavyo hutajana kila kimoja kwa mwenzake kwenye mti. Hiyo ni kerneli ikisema imeliona duara na imelikata. Haihusiani na kadi.

Kama mstari wa amri unatumia `/dev/mmcblk1p2` badala ya PARTUUID, badilisha sasa. Draiva za MMC siku hizi huanzishwa sambamba, na namba hupewa anayewahi. Bodi ikiongezewa eMMC, kadi inaweza kuwa 0 leo na 1 kesho, labda mti uwe na `aliases` zinazotaja mmc0 na mmc1.

Kuhusu lile deni la nusu dakika: sekunde 30 baada ya initcall kuisha, kerneli huzima kila regyuleta ambayo hakuna draiva iliyoiomba, isipokuwa iliyoandikwa `regulator-always-on`. Kwenye logi inaonekana kama jina la regyuleta likifuatwa na `disabling`. RK808 ilipokuwa haina draiva hakuna kilichozimwa, maana hakukuwa na wa kuzima. Ikishapata draiva, kila regyuleta ambayo mti haukuitajia mtumiaji iko hatarini, ikiwemo hiyo `vcc_sdio` ya waliofuta mstari wake. Kadi inasomeka, huduma zinaanza, kisha kwenye sekunde ya thelathini na kitu makosa ya kusoma yanamwagika. Kuthibitisha, washa mara moja kwa `regulator_ignore_unused`. Makosa yakikoma, rudi kwenye mti umwandikie kifaa `-supply` yake, kisha uondoe kigezo hicho, kwa sababu kinaacha pia umeme wa vifaa visivyotumika ukiwaka muda wote.